Majimoto Hatufanyi Triathloni

Kuna picha inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kila msimu wa mvua, na huenda hata wewe umewahi kuituma. Mwanamume amebeba baiskeli begani anavuka mto, maji yamemfika kifuani, ng'ambo inamsubiri barabara ya matope. Chini yake mtu ameandika kwamba wazungu wanalipia triathloni wakati sisi ndiyo maisha yetu ya kila siku. Vinafuata vicheko. Jina la mahali hubadilika kulingana na anayetuma: mara Rufiji, mara Kilombero, mara Katavi, na nimeshaiona ikiwa imeandikwa Majimoto.

Mimi ni wa Majimoto. Utani huo siutaki, na nitaeleza kwa nini, hata kama nitaonekana mtu asiyejua kucheka.

Utani huo unasema mambo mawili kwa mkupuo. La kwanza ni kwamba dhiki ni mazoezi. La pili ni kwamba kinachomtenganisha yule mwanamume na mtu aliyevishwa medali ni pesa tu: baiskeli ya mamilioni, nguo za kubana, miwani. Yote mawili si kweli, na hili la pili ndilo baya zaidi kwa sababu linajifanya linamtetea maskini.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: triathloni ni mashindano ya sehemu tatu zinazofuatana bila saa kusimama. Unaogelea, unaendesha baiskeli, unakimbia. Ile ya Olimpiki, iliyoanza Sydney mwaka 2000, ni mita 1,500 majini, kilomita 40 za baiskeli na kilomita 10 za mbio. Ile ya Hawaii, ambayo watu wa mitandaoni huidhani ndiyo triathloni yenyewe, ni kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli, kisha marathoni kamili. Lakini ipo ya wanaoanza, na hiyo ndiyo ninayoizungumzia hapa: mara nyingi mita 400 majini, kilomita 10 za baiskeli, kilomita mbili na nusu za mbio. Kijana wa Majimoto anayepeleka mpunga mashineni kwa baiskeli atazimaliza hizo sehemu mbili za mwisho kabla ya chai ya asubuhi. Ile ya kwanza inaweza kumuua.

Nasema hivi nikiwa nimeshamaliza moja. Ilikuwa Dar es Salaam, baharini, kwa baiskeli ya kuazima, maana mwanafunzi wa uzamili hana boom. Kuogelea nilijifunza nikiwa na miaka 24, kwenye bwawa la hoteli, nikilipia kwa saa, katikati ya watoto wa miaka sita walionipita na kunirushia maji bila kukusudia. Mbio zenyewe sitazisimulia. Za mtu anayeanza hufanana kote duniani, miguu inakuwa kama ya kuazima pia ukishuka kwenye baiskeli na kuanza kukimbia. Ninachotaka ukione ni kilichokuwa pembeni yangu nikiwa majini.

Kulikuwa na kayaki. Kabla ya kuingia tuliandikwa namba mkononi kwa kalamu ya wino mzito na kuvishwa kofia za rangi kali ili tuonekane kwenye mawimbi. Tulihesabiwa tukiingia, tukahesabiwa tukitoka. Ufukweni kulikuwa na muuguzi na gari la wagonjwa, dereva amekaa ndani. Tuliambiwa sheria, na hizi si za Dar es Salaam, ni za mchezo wenyewe popote unapochezwa: unaweza kuogelea kwa mtindo wowote unaoujua, hata ule wa mbwa, unaweza kuelea chali ukapumzika, ukichoka unaweza kushika boya au chombo kilichosimama, na mradi hakikusogezi mbele, bado umo kwenye mashindano. Ukizidiwa unanyoosha mkono juu. Nilishika kayaki mara mbili. Kijana aliyekuwa ndani yake wala hakunitazama kwa huruma, aliendelea kubishana na mwenzake kuhusu Simba na Yanga, na utulivu wake ndio ulionirudishia pumzi.

Sasa rudi kwa yule wa kwenye picha. Hana namba mkononi. Hakuna aliyemhesabu alipoingia, na hakuna anayesubiri kumhesabu akitoka. Akizama, habari itafika nyumbani kwake kwa kuchelewa, labda kwa nguo zilizokutwa ukingoni. Anavuka kwa sababu daraja halipo au limesombwa, na hakuna kipimo cha umbali, hakuna saa, hakuna mtu atakayemwambia kwamba leo maji ni makali, mashindano yameahirishwa. Kumwita mwanatriathloni ni kumpora hata malalamiko yake. Kati yake na mimi, tofauti ya baiskeli ni ndogo sana. Tofauti ni ile kayaki, na ni kwamba mimi nilifundishwa kuelea.

Nchi hii sasa hivi ina homa ya mbio. Kila benki, kila wizara, kila chuo kina "marathoni" yake, hata kama ni kilomita tano na fulana. Siidharau homa hiyo. Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia kule Tokyo kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde, na watu ambao hawajawahi kukimbia hata kuwahi daladala wakaanza kuzungumzia mwendo wa kilomita za mwisho. Kukimbia tunakujua tangu enzi za Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch mwaka 1974. Baiskeli tunazijua, Mwanza na Shinyanga mbio za baiskeli zimekuwa burudani ya umma kwa miaka mingi, na Wasukuma walipohamia Mpimbwe na ng'ombe wao walikuja pia na miguu hiyo. Kwa hiyo theluthi mbili za triathloni tunazo bila kumwomba mtu. Theluthi iliyobaki ndiyo iliyogeuzwa kuwa mali ya wachache. Kuogelea ni somo la shule zenye ada za mamilioni na la watu wanaokaa karibu na hoteli.

Na tuko wapi? Tuko kwenye nchi yenye Bahari ya Hindi upande mmoja na maziwa Viktoria, Tanganyika na Nyasa pande nyingine, yenye Rukwa, Rufiji, Kilombero, Ruvu, Malagarasi, na vijito visivyo na majina rasmi vinavyojaa kwa wiki tatu kisha vikakauka. Mei 1996 MV Bukoba ilizama na mamia ya watu karibu na Mwanza. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka ikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, Ukara. Iliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Novemba 2022 ndege ya abiria ilitumbukia ziwani Bukoba, karibu na njia ya kurukia, watu 19 wakafa kati ya 43, na waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Sisemi kwamba mtu aliyenaswa chini ya meli iliyopinduka angeokolewa na masomo ya kuogelea. Vyombo vilijaa kupita kiasi na hilo lina wenyewe wa kulijibu. Lakini watu wanakufa wakiiona nchi kavu, na sisi tunaendelea kuamini kuwa kuogelea ni starehe.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na takriban tisa kati ya kumi walikuwa kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Majimoto hakuna kivuko cha kuzama na watu mia mbili. Kwetu watu hufa mmoja mmoja: mtoni wakati wa mvua, kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, kwenye shimo lililochimbwa kutoa udongo wa matofali na kuachwa wazi. Na kifo cha mmoja mmoja hakiingii kwenye taarifa ya habari.

Nikiwa darasa la tano tulimpoteza mwenzetu mmoja namna hiyo. Alikuwa mkimbiaji, wa kwanza au wa pili kila mara tulipokimbizwa kuzunguka uwanja. Jumatatu, mwalimu alisimama mbele ya mstari akatangaza: kuanzia leo ni marufuku mwanafunzi yeyote kwenda mtoni. Tukaimba, tukaingia darasani. Simlaumu mwalimu huyo, naye hakufundishwa kingine. Lakini nimesoma miaka 13 kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha sita, na neno hilo, marufuku, ndilo somo pekee la maji nililowahi kupewa. Marufuku yenyewe haikudumu hata wiki, kwa sababu mama zetu walitutuma mtoni Jumatano.

Siku nilipomaliza ile triathloni nilimpigia mama yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

"Nimemaliza mashindano, mama. Ya kuogelea, baiskeli na kukimbia."

Akanyamaza kidogo. "Kuogelea wapi?"

"Baharini."

"Na nani alikuruhusu?"

Mama si mjinga. Kwa kizazi chake, na kwa changu pia, maji ni kitu cha kuombea ruhusa na kunyimwa.

Watakaonipinga wana hoja nzito kuliko wanavyojua, kwa hiyo nitazichukua moja moja, na nitaanza na ile ninayoiheshimu zaidi: mamba. Ziwa Rukwa lina mamba, na Mto Kavuu unaotiririka kwenda huko haukaliwi na samaki tu. Hifadhi ya Katavi, hapo juu yetu, watalii huja kutoka mbali kutazama viboko walivyobanana kwenye matope ya Katuma wakati wa kiangazi. Kata jirani na yetu inaitwa Mamba na sijaja kubishana na jina hilo. Kichocho nacho kipo, konokono wake wanapenda maji yaliyotulia. Anayesema mtoto wa Mpimbwe asifundishwe kuogelea mtoni anasema kweli tupu. Chemchemi nazo, hizi zilizotupa jina, si kama ile Chemka ya Hai, Kilimanjaro, ambayo watu huiita Maji Moto huku wakijirusha ndani na kamba. Yetu inastahili jina lake.

Lakini tazama mtu huyohuyo anavyoimalizia hoja yake. Kutoka "wasifundishwe mtoni" anaruka moja kwa moja hadi "wasifundishwe." Katikati pana kitu kinachoitwa bwawa la kujengwa, na hapo ndipo huja hoja ya pili: maji yenyewe hayatoshi, akina mama wanapanga foleni kisimani, wewe unataka kujaza bwawa watu wachezee.

Tupige hesabu. Bwawa la kufundishia lenye urefu wa mita 25, upana wa mita 10 na kina cha mita 1.2 linachukua mita za ujazo 300, yaani lita 300,000. Ni maji mengi, sikatai. Sasa twende bondeni. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Jaruba likiwa na maji ya kina cha sentimita 10 tu, ekari hiyo imeshika zaidi ya lita 400,000. Kwa maneno mengine kila mkulima wa mpunga mwenye ekari moja hapo Majimoto anajua tayari kukusanya, kuzuia na kulinda maji mengi kuliko ya bwawa ninalolisema, na anafanya hivyo kwa jembe. Sisemi achukuliwe maji yake. Nasema tuache kujifanya kwamba kiasi hicho cha maji hakijawahi kuonekana Mpimbwe. Mvua huyaleta kila mwaka, yanapita mbele ya shule, yanabomoa daraja, yanakwenda Rukwa. Na ya bwawa yakishachoka yanamwagilia bustani ya shule, ikiwa dawa imeachwa iishe nguvu kwanza.

Fedha? Bangladeshi si nchi tajiri. Kule walifundisha watoto kuogelea kwenye madimbwi ya kijijini, wakijenga majukwaa ya mianzi ndani ya maji ili mtoto asimame mahali pasipo na kina. Mtoto alihesabiwa amefuzu akiogelea mita 25, akielea sekunde 30, na akijua kumwokoa mwenzake kwa kumpa kitu cha kushika badala ya kumrukia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta vifo vya maji kwa watoto wa miaka 4 hadi 12 waliopitia mafunzo hayo vilipungua kwa asilimia 93. Asilimia 93! Ingekuwa chanjo, tungeisubiri uwanja wa ndege kwa ngoma.

Na kwa anayesema hilo haliwezekani kwa mila zetu, hasa kwa wasichana, aende Nungwi. Mradi wa Panje umekuwa ukifundisha wasichana wa Zanzibar kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kuwasitiri mwili mzima, wakianza kwa kukumbatia madumu matupu ya plastiki ili waelee. Picha zao zilizunguka dunia nzima na kupata tuzo mwaka 2018. Madumu ya njano, yaleyale. Hakuna nyumba Majimoto isiyo na dumu.

Hoja ya tatu ndiyo inayonichosha, kwa sababu hutolewa na watu wa michezo, wanaopaswa kujua zaidi. Wanasema: sawa, mnataka mashindano Katavi, basi toeni kuogelea. Fanyeni duathloni, mkimbie, mwendeshe baiskeli, mkimbie tena. Mchezo huo upo, ni halali, na nafuu. Ni kweli. Lakini angalia unachokitoa. Mtoto wa Majimoto anakimbia tayari. Baiskeli anaendesha tayari, tena kwa kupitisha mguu katikati ya fremu kwa sababu kiti hakifikii. Kitu kimoja tu ambacho mashindano hayo yangemwongezea, ambacho hana na ambacho siku moja mwezi wa pili kinaweza kumrudisha nyumbani, ndicho mnachokikata kwa sababu ni kigumu kukiandaa. Mtabakiwa na tamasha la kuwapongeza watu kwa kile wanachokifanya kila siku, ambalo ni ule utani wa WhatsApp ukiwa na mdhamini.

Kuna na hoja ambayo wengi hawaitoi kwa kuwa hawaijui, nami naitoa mwenyewe. Triathloni pia huua, na huua zaidi majini. Madaktari wa Marekani walikusanya matukio 135 ya vifo na mioyo kusimama kwenye mashindano ya nchini kwao kati ya mwaka 1985 na 2016; 90 kati ya hayo yalitokea wakati wa kuogelea, na hao ni watu wenye viatu vizuri na bima ya afya. Ndiyo maana nasisitiza ya wanaoanza, fupi, ndani ya bwawa, kina cha kusimama. Mchezo unaruhusu hivyo. Hakuna kipengele kinachosema lazima uteseke baharini ili uhesabiwe.

Tena mchezo huu, tofauti na tunavyousimuliwa, umejengwa na watu wa kumaliza kuliko wa kushinda. Ulianza San Diego mwaka 1974 kama mazoezi ya kubadilisha ladha ya klabu ya wakimbiaji, siku ya kazi jioni. Mwaka huohuo, kwa wanaopenda mambo ya kugongana, Katavi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Hawaii mwaka 1978 walianza watu 15, wakamaliza 12. Kilichoufanya ujulikane ni mwanafunzi, Julie Moss, aliyejiandikisha mwaka 1982 ili kupata takwimu za utafiti wake wa chuo. Alikuwa anaongoza, miguu ikamkatika karibu na mwisho, akapitwa, akaufikia mstari kwa kutambaa mbele ya kamera za televisheni. Aliyemshinda, Kathleen McCartney, watu wengi wamemsahau. Sisi tulikuwa na wetu miaka 14 kabla: John Stephen Akhwari, Mexico 1968, goti limefungwa bendeji, akaingia uwanjani wa mwisho kati ya 57 waliomaliza marathoni, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Alichowajibu waandishi wa habari kila Mtanzania anakijua, sina haja ya kukirudia. Tunampenda Akhwari kwa haki. Ila nimeona tunavyomtumia: kila penye jambo la kuandaa vizuri tunaleta hadithi ya mtu aliyevumilia. Akhwari alikuwa na njia iliyopimwa, daktari wa kumfunga goti, na taa za uwanja. Hata yeye hakumalizia porini peke yake.

Kuna watu watasema nataka medali. Naomba nikiri kuwa hesabu hii inanichekesha: Flora Duffy wa Bermuda alishinda dhahabu ya triathloni Olimpiki ya Tokyo, na Bermuda yote ina watu elfu sitini na kitu. Sensa ya 2022 iliwahesabu wakazi wa Mkoa wa Katavi 1,152,958. Fanya ugawanyo mwenyewe. Lakini medali haiko kwenye orodha yangu. Paris 2024 tulipeleka wanamichezo saba na wawili kati yao walikuwa waogeleaji. Nafurahi kwa ajili yao, na nafasi zao hazibadilishi kitu kwa mtoto anayetumwa mtoni Jumatano.

Ninachotaka kina tarehe na vipimo. Iwe mwezi wa saba au wa nane, mpunga ukiwa umevunwa, watu wana muda na pesa kidogo, na barabara haina matope. Siku ya Ulimwengu ya Kuzuia Kufa Maji ni Julai 25, Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2021, na kwetu hupita kama siku nyingine yoyote. Iwe wikiendi ya karibu na hapo. Bwawa lianze mwaka mmoja kabla, kwenye uwanja wa shule moja, likiwa na uzio na mlinzi, lenye karatasi gumu la nailoni kama yale ya wafuga samaki, dawa ya klorini, na ratiba ya madarasa: darasa la tatu hadi la saba kwa zamu, wasichana na mwalimu wa kike, wavulana na wa kiume. Walimu wawili wapelekwe kujifunza. Nungwi kunatosha, au Mwanza, ambako EMEDO wameshafanya kazi ya kuzuia watu kufa maji Ziwa Viktoria. Mtoto asiyefuzu mita 25 asiandikishwe mashindano, hata kama anakimbia kama upepo. Hasa kama anakimbia kama upepo.

Siku yenyewe iwe mita 200, yaani kwenda na kurudi mara nne, watu kumi kumi. Kila ukingo wa bwawa kuwe na mtu mzima aliyesimama na dumu tupu lililofungwa kamba, kazi yake kutazama maji na si simu. Baiskeli kilomita 10 kwenye barabara ya kuelekea Mamba na kurudi, baiskeli yoyote yenye breki mbili, keria inaruhusiwa. Helmeti ni lazima, na sheria ya mchezo inasema ifungwe kabla hujaigusa baiskeli. Tutaazima za bodaboda, ni nzito na zina joto, lakini kwa kilomita 10 hakuna atakayekufa kwa joto la kichwa. Bodaboda wenyewe wafunge barabara kwa saa mbili na walipwe. Mbio kilomita mbili na nusu, kumalizia sokoni, ili hata wauza nyanya wauone mstari.

Na pawe na meza moja kandokando ya bwawa, mtu amekaa na daftari na kalamu ya wino mzito. Kila anayeingia majini aandikwe namba mkononi, aitwe jina lake na la baba yake, awekewe alama. Kila anayetoka aitwe tena. Daftari lisifungwe mpaka alama zilingane.